Mpira Uliosubiri Saini

Halmashauri ya Shule za Wilaya ya Halvern, jimbo la Nebraska, inayo heshima kubwa kuwatangazia wakazi wote, wakulima, wafugaji, na hata wale wanaopita tu kuelekea kwingine, kwamba imeundwa Tume Maalumu ya Kuchunguza Uzito wa Wapokeaji wa Pembeni. Tume itafanya kazi yake bila woga, bila upendeleo na bila haraka.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la mbegu, kwenye mlango wa kanisa la Kilutheri, na kwenye mlango wa choo cha uwanja wa mpira, ambako ndiko lilikosomwa zaidi. Aliyelichapa ni Arlys Vondracek, karani wa wilaya, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye sauti ndogo kiasi kwamba waliopiga simu ofisini walidhani laini imekatika. Alilichapa mara nne. Mkurugenzi wa Elimu, Daktari Lowell Pankratz, hakulipenda neno "uzito". Kisha hakulipenda neno "ulegevu". Kisha akarudi kwenye "uzito" na kusema hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo, ila karani hakumwelewa.

Haja ya kuwa na Tume haikuwa na ubishi. Katika michezo mitano ya msimu ule ya mpira wa Kimarekani, ule unaorushwa na kudakwa kwa mikono, wapokeaji wa pembeni wa Halvern, yaani wale vijana watatu ambao kazi yao ni kukimbia pembezoni mwa uwanja na kudaka mpira unaporushwa, walikuwa wamedaka mipira sita. Wenzao wa Orchard Bend, mji ulio maili kumi na moja ng'ambo ya mto, walikuwa wamedaka tisini na mmoja. Na Orchard Bend, kila mtu wa Halvern atakwambia, ni mji ambao hata ng'ombe wake wana sura ya kujuta.

"Sita kwa tisini na mmoja," alisema Daktari Pankratz. "Hii ni changamoto ya kimfumo, na mfumo wenyewe uko kwenye mikono ya hawa watoto."

Ni vema kueleza hapa, kwa ajili ya kumbukumbu tu na si kwa sababu lina uhusiano wowote na tatizo, jambo lililotokea miaka saba nyuma. Siku hiyo mrushaji wa Halvern aliurusha mpira ukapita juu ya vichwa vya watu wote, ukavuka uzio, ukaangukia ndani ya tela la kubebea ng'ombe. Tela lilikuwa la mtu wa Orchard Bend. Mtu yule, bila kujua, aliendesha gari lake hadi kwao, na mpira ukavuka mto pamoja na ndama wawili. Haukurudi.

Daktari Pankratz alilichukulia jambo hilo kwa uzito unaostahili. Mpira ni mali ya umma. Mchezaji anayekimbia nao anabaki nao, kwa hiyo mali haijabadilisha mtunzaji. Lakini anayeurusha anaihamisha mali ya umma kutoka kwa mtunzaji mmoja kwenda kwa mwingine, tena kupitia angani, ambako wilaya haina ofisa. Uhamisho wa namna hiyo hauwezi kufanyika kienyeji. Ndipo ilipozaliwa Fomu Namba Saba, nakala tatu, yenye jina la mrushaji, jina la mpokeaji, umbali kwa yadi, na makadirio ya urefu ambao mpira utafika juu.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Timu ikitaka kurusha, kocha wa wapokeaji aliijaza fomu pembeni mwa uwanja, akapanda nayo ngazi arobaini na moja hadi kibanda cha juu cha viongozi. Kule Mkuu wa Michezo, Bwana Royce Dunklau, alisaini kuthibitisha kwamba mpira upo. Daktari Pankratz alisaini kuruhusu uondoke. Arlys aligonga muhuri wenye saa, ya kupokelewa na ya kuidhinishwa, na akajaza safu ya mwisho iitwayo Sababu ya Kuchelewa, kama ipo. Kisha, kwa ajili ya uwazi, Bwana Dunklau aliutangaza uamuzi kwenye kipaza sauti: mpira utarushwa kwa kijana Dillon Hruska, yadi kumi na tano, upande wa kushoto. Watu wote uwanjani waliarifiwa sawasawa, wakiwemo mabeki wa timu pinzani.

Sheria za mchezo, ambazo ziliandikwa na watu wasiojua utawala, zinaipa timu sekunde ishirini na tano tu kuanza kucheza. Zikipita, refa anapuliza kipenga na timu inarudishwa nyuma yadi tano. Halvern ilikuwa imerudishwa nyuma mara nyingi kiasi kwamba mchezo mmoja waliumalizia karibu na kibanda cha soda.

Kuna wakati kocha alijaribu kuleta fomu kumi Alhamisi, zikiwa zimejazwa tayari. Zilikataliwa zote. Huko kulikuwa kupanga matumizi ya mali ya umma kabla ya haja kujitokeza.

Kocha huyo aliitwa Duane Kolterman, mwalimu wa useremala, umri miaka sitini na mbili, goti la kulia si lake tena. Kila alipofika juu alisimama akihema, fomu mkononi, jasho likidondokea safu ya umbali kwa yadi. Arlys alimwekea kiti karibu na mlango. Hakumwambia ni chake. Alikiweka tu, akaweka na bilauri ya maji juu yake. Kocha alikunywa maji na kukaa, na katika miaka saba hawakuwahi kulizungumzia.

Tume ilianza kazi Jumatatu. Wajumbe walikuwa Daktari Pankratz, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume, Bwana Dunklau, na, kwa niaba ya Halmashauri, mwenyekiti wake Bi Ione Swoboda, mfugaji wa ng'ombe mwenye miaka sabini na mitatu, ambaye vikao vyote alivihudhuria akiwa na viatu vya zizini na alionekana kama amelala. Arlys alikuwa katibu.

Walianza na mikono. Dillon Hruska aliitwa kwanza. Alikuwa kijana mrefu mwenye aibu, mwana wa fundi wa visima, na ilijulikana mji mzima kwamba kocha wa chuo fulani atakuja kumtazama katika mchezo wa mwisho, dhidi ya Orchard Bend.

"Mikono yako ikoje siku hizi?" Bwana Dunklau alimuuliza.

Dillon aliitazama. "Ipo, bwana."

Tume ilielekeza iandikwe kwamba shahidi anakiri kuwa na mikono. Ikapimwa kwa rula ya useremala, ikaonekana mikubwa kuliko ya mpokeaji yeyote wa Orchard Bend, na Tume ikatambua kwamba ukubwa huo huenda unaongeza upinzani wa upepo.

Walihamia kwenye kifungua kinywa, wakakuta vijana wote watatu wanakula uji wa shayiri, chakula ambacho hata sufuriani kinaonyesha kutokuwa na haraka. Walichunguza viatu. Walichunguza mtazamo. Walifanya ziara ya mafunzo ng'ambo ya mto, wakalitazama zoezi la Orchard Bend kwa dakika kumi na chakula chao cha mchana kwa saa moja na nusu. Bwana Dunklau aliandika katika taarifa ya ziara kwamba mrushaji wa wenzetu huurusha mpira papo hapo, pasipo kwenda kumwona ofisa yeyote, jambo linaloonyesha kuporomoka kwa nidhamu ya nyaraka. Na kwamba mikate yao ya mdalasini ni mikubwa kuliko yetu, jambo linalohitaji tume yake.

Siku ya nne aliitwa Kocha Duane. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Daktari, mimi nitasema moja tu. Mpira haurushwi. Sasa hao watoto wadake nini, njiwa?"

Bi Ione alifumbua jicho moja.

"Mwalimu Kolterman," alisema Daktari Pankratz kwa upole wa mtu aliyewahi kwenda semina ya upole, "Tume hii inachunguza kupokea. Kurusha hutokea kabla ya kupokea. Hadidu zetu za rejea zinaanza pale mpira unapokuwa umeshafika."

"Na usipofika?"

"Basi unakuwa nje ya hadidu."

Kocha alimtazama Arlys. Hakumwomba kitu. Lakini Arlys ndiye aliyekuwa na sanduku la fomu chini ya meza, na miguu yake ilikuwa inaligusa. Alijua kilichomo kama mtu anavyojua meno yake. Maombi ya msimu ule, sitini na matatu. Yaliyoidhinishwa kwa wakati, tisa. Yaliyodakwa katika hayo tisa, huku mabeki wote wakiwa wameshatangaziwa pa kusimama, sita.  Alishika kalamu. Akaandika: Shahidi ameuliza kuhusu njiwa.

Jioni hiyo alimkuta kocha maegeshoni, amekaa kwenye gari lake mlango ukiwa wazi, akilinyoosha goti.

"Watatuvua, dada yangu," alisema. "Wale watatu jezi, na mimi kipenga. Dunklau kaniambia mwenyewe, kabla ya mchezo wa Orchard Bend. Mimi nimezeeka, sawa. Lakini yule Hruska, yule mtu wa chuo anakuja kumtazama nani? Benchi?"

Arlys alisema kitu.

"Eti?"

"Nimesema, pole, Kocha."

"Haya. Asante." Akawasha gari. "Na asante ya kiti."

Rasimu ya ripoti ilikuwa tayari Jumatano iliyofuata. Ilibaini kwamba mpira wa Halvern unacheleweshwa, kwamba ucheleweshaji hutokea wakati wapokeaji wakiwa wamesimama, na kwamba wapokeaji ndio waliokuwa wamesimama. Pendekezo la mwisho Daktari Pankratz alilitunga mwenyewe, akitembea huku na huku ofisini, mkono mmoja nyuma. Mtu yeyote katika wilaya hii atakayebainika kuuchelewesha mpira kwa zaidi ya sekunde ishirini na tano aondolewe katika shughuli zote za uwanja mara moja, bila kujali jina, umri wala cheo.

Kalamu ya Arlys ilisimama. "Wala cheo, Daktari?"

"Wala cheo. Wananchi wanapenda sana kusikia hivyo."

Aliipima ripoti mkononi na uso wake ukasinyaa. Kurasa sita. Alimweleza Arlys kwamba ripoti nyembamba haiheshimiwi, na akamwagiza aweke viambatisho.

"Viambatisho gani?"

"Vyovyote. Una makaratasi huko chini ya meza miaka nenda rudi. Weka hayo."

Arlys alitekeleza maagizo. Ripoti ilitoka na unene wa tofali, na Daktari Pankratz aliifurahia sana, akaipigapiga kama mtu anayempongeza fahali.

Halmashauri ilikutana Alhamisi alasiri ndani ya ukumbi wa mazoezi, na mji ulikuja. Vijana watatu walikaa safu ya mbele wakiwa wamevaa mashati ya kanisani. Jezi zao walikuwa wamezikunja mapajani, tayari kwa kukabidhiwa. Dillon alikuwa ameikunja ya kwake namba ikiwa ndani. Watu wazima hawakuwatania siku hiyo. Hata wazee wa duka la mbegu, ambao humtania mtu hadi kaburini, walivua kofia.

Halvern ina desturi ya tangu enzi za mababu. Ripoti haisomwi. Mtu anapendekeza ichukuliwe kuwa imesomwa, mwingine anaunga mkono, na wote wanawahi nyumbani kukamua. Bwana Dunklau alipendekeza. Mjumbe mmoja aliunga mkono. Pendekezo la mwisho likapigiwa kura likiwa pweke na likapita kwa sauti moja. Daktari Pankratz alisimama na kurudia maneno "wala cheo" mara mbili, akapigiwa makofi.

"Sasa naomba nisome majina ya wahusika," alisema, akatoa kikaratasi. "Hruska, Dillon..."

"Subiri kidogo, Lowell," alisema Bi Ione bila kufumbua macho. "Hilo jina limetoka wapi?"

"Kwenye ripoti, Mwenyekiti."

"Ripoti tumeichukulia kuwa tumeisoma. Mimi sijaisoma. Katibu, kuna nyongeza?"

Swali hilo limo katika kanuni, na Arlys alikuwa ameulizwa katika kila kikao kwa miaka tisa. Jibu lake lilikuwa hakuna. Wakati mwingine aliandika "hakuna" kabla ya kuulizwa. Safari hii vidole vyake vilikuwa vimeshaandika herufi mbili za mwanzo. Akazitazama. Akatazama shati la Dillon, kola imechomoka upande mmoja.

"Ipo," alisema.

Watu wa nyuma waliuliza kasemaje. Watu wa mbele wakawaambia, kasema ipo.

"Ni kwenye viambatisho," alisema Arlys, akaifungua ripoti. "Fomu ya kwanza. Imepokelewa saa nane na dakika kumi na nne. Imeidhinishwa saa nane na dakika ishirini na tano. Sababu ya kuchelewa: Mkurugenzi yuko kwenye foleni ya maharage na mkate wa mdalasini."

Mtu mmoja alikohoa. Hakikuwa kikohozi.

"Fomu ya pili. Dakika saba. Bwana Dunklau anatafuta miwani. Fomu ya tatu. Dakika saba. Bwana Dunklau ameipata miwani, si yake. Fomu ya nne. Dakika tisa. Mkurugenzi anauliza kama yadi ishirini ni lazima, au kumi zingetosha. Fomu ya tano haijarudi."

"Haijarudi toka lini?" aliuliza Bi Ione.

"Toka Septemba. Mkurugenzi alifutia mchuzi."

Kicheko kilianzia kwa wazee wa duka la mbegu na kikapanda viti hadi juu. Arlys alisubiri kiishe, kisha akaendelea, kwa sababu zilikuwa zimebaki hamsini na nane na yeye hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Alizisoma zote. Kuanzia ya ishirini watu walikuwa wanamalizia sababu pamoja naye.

"Kwa hiyo kwa mujibu wa muhuri," alisema Bi Ione, sasa macho yote mawili yakiwa wazi, "nani kauchelewesha mpira zaidi ya sekunde ishirini na tano?"

"Bwana Dunklau, mara hamsini na mbili. Daktari Pankratz, mara hamsini na nne."

"Na hawa watoto?"

"Hawapo kwenye muhuri, Mwenyekiti. Wao walikuwa wanasubiri."

Daktari Pankratz alieleza kwamba azimio halikulenga ngazi ya uongozi. Bi Ione alimwomba Arlys amsomee maneno ya mwisho ya azimio, na Arlys akayasoma, na safari hiyo makofi yalikuwa marefu zaidi. Daktari akasema atakata rufaa. Akaelezwa kwamba rufaa zinazohusu uwanja hupokelewa kwa saini ya Mkuu wa Michezo na ya Mkurugenzi, na kwamba wote wawili, kwa bahati mbaya, hawamo tena katika shughuli za uwanja.

Vijana walizikunjua jezi zao pale pale na kuzivaa juu ya mashati ya kanisani.

Ijumaa saa nane mchana upepo wa kusini ulikuwa unavuma kama kawaida yake. Mashabiki wa Orchard Bend walikuja na magari arobaini, na kila mmoja alikuwa na kalamu mkononi. Walizipunga juu. "Saini, saini," waliimba. "Mwenye wino asaidie." Mtu wa chuo alikaa peke yake na daftari. Bwana Dunklau alibaki nyumbani kutafuta miwani.

Halvern walipata mpira. Kocha Duane, kwa mazoea ya miaka saba, alijaza fomu na kuzipanda ngazi arobaini na moja. Kibandani alimkuta Arlys peke yake, kiti na bilauri ya maji.

"Nani anasaini sasa?" aliuliza akihema.

Arlys aliipokea fomu. Aligonga muhuri ambao ofisi ile ilikuwa imewagongea watu wengi, kwa mambo mengi, na hakuna aliyewahi kuufurahia: INASHUGHULIKIWA.

"Maombi yenu yanashughulikiwa, Kocha. Nyie endeleeni."

"Na nyingine?"

"Zote zinashughulikiwa. Usipande tena."

Kocha aliutazama muhuri. Kisha alikaa kwenye kiti chake, akatoa kichwa dirishani, na akampungia mrushaji kwa kofia.

Wapokeaji wa Halvern walidaka mipira kumi na minne siku hiyo. Dillon peke yake tisa, mmoja kati ya hiyo aliudaka akiwa amelala angani kwa ubavu, na mtu wa chuo akaacha kuandika na kusimama. Waliwashinda Orchard Bend kwa pointi mbili. Kalamu zilikuwa zimeshuka tangu robo ya pili.

Ila kabla ya mwisho lilitokea jambo dogo. Mpira mmoja ulichukuliwa na upepo, ukatoka nje ya mstari, ukadunda mara moja na kutua mapajani mwa Daktari Pankratz, aliyekuwa amekaa benchi ya chini ya watazamaji, bei ya kawaida. Aliushika kwa mikono miwili. Dillon alikuja mbio akasimama mbele yake, mkono umenyooshwa.

"Daktari, tupia."

Daktari aliutazama mpira. Aliinua macho akakitazama kibanda, kisha watu, pande zote mbili za uwanja. Mtunzaji mmoja kwenda kwa mwingine. Kupitia angani.

"Rudisha basi, mwanangu," alisema Bi Ione, aliyekaa nyuma yake.

"Bila fomu?" alinong'ona.

Refa alihesabu hadi ishirini na tano, akaomba mpira mwingine. Mchezo uliendelea. Daktari Pankratz alibaki na ule mapajani hadi watu wakatoka, akaondoka nao, na Jumamosi alionekana nao duka la mbegu, na Jumapili kanisani, ameuweka kwenye kiti cha pembeni.

Jumatatu asubuhi Arlys alikuta mezani Fomu Namba Saba, nakala tatu, imejazwa kwa mwandiko mzuri sana. Mrushaji: L. Pankratz. Mpokeaji: Wilaya. Umbali: yadi moja. Mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni, mpira kwapani, na alimuuliza kwa adabu kama itachukua muda.

Arlys alimvutia kiti. Alimwekea bilauri ya maji. Aligonga muhuri ule ule, akavaa koti lake na kwenda kula. Ilikuwa siku ya maharage na mkate wa mdalasini, na foleni ilikuwa ndefu.